Te na Shini

Saa tatu usiku, Ruwi. Mihuri imefungiwa,
Azzan kaondoka na funguo zote ila mmoja,
nami nimebaki na kompyuta ya ofisi
ambayo mchana kutwa huandika mikataba ya pango,
vibali vya kazi, hati za magari ya watu.
Usiku huu ni ya Bi Zamzam.

Amekaa kiti cha wateja, miguu haifiki chini,
karaki inapoa kwenye kikombe cha karatasi.
"Andika," ananiambia.
"Shinuna dada'angu, salamu nyingi.
Kaburi la mama lipakwe chokaa kabla ya masika."

Naandika mbio, kama nilivyozoea,
mpaka kidole cha mwisho cha kushoto kinateleza:
Alti na Shifti, zimebanwa pamoja,
bila mlio, bila onyo,
na Kiswahili changu kinapinduka,
kinaanza kutembea kutoka kulia.
Sioni. Macho yangu yako mdomoni mwake.
Nikitazama, *mama* imekuwa te marbuta na shini,
te marbuta na shini.

Nafuta. Naandika upya.
Chokaa nayo inapinduka.

Simlaumu aliyeipanga hivi.
Mchana njia hii ya mkato ndiyo riziki yetu:
jina la Biju kwa Kiingereza, la kafili wake kwa Kiarabu,
vidole viwili tu na fomu imekwisha,
bisa mia tano, anayefuata.
Kiswahili hakina kitufe hapa.
Kimelala ndani ya herufi za Kiingereza
kama mgeni aliyetandikiwa sebuleni.

Basi nikafungua mipangilio.
Dirisha ndani ya dirisha, ndani yake jingine,
la mwisho kijivu, la kizamani,
kama chumba ambacho mafundi walisahau kukipaka rangi.
*Kubadili lugha: Alti ya kushoto na Shifti.*
Chini yake: *Hakuna.*
Nikaweka mshale juu ya *Hakuna*.

"Ngoja kwanza. Usifute hiyo."
Bi Zamzam kavua miwani, kaifuta kwa ncha ya leso, kaivaa.
Kainamia skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.
"Khati ya nani hii? Te marbuta haianzi neno.
Maalimu wetu angekuchapa."
Akacheka, kisha akaanza kufuata kwa ukucha:
shini, shini, na hapa shini.

Nikamweleza: kila *a* hugeuka shini,
na Kiswahili, shangazi, kina *a* nyingi mno.

Akanyamaza. Kiyoyozi kikazima, kikawaka.
"Sisi tulikuwa tunaandikiana kwa herufi hizi," akasema,
"mimi na yeye, kabla ya skuli. Kiswahili chetu hiki hiki.
Shinuna huanza na nini?"
"Shini."
"Na humalizika?"
Sikujibu. Alikuwa keshajijibu,
ukucha juu ya kioo:
mama, mwisho wa jina la dada yake,
kisha mwanzo wake.

Neno lile tuliliacha lilivyo. Tukachapa.
Wete wataona wenyewe.

Halafu nikabonyeza *Hakuna*.
Na kwa ajili ya Azzan nikahamishia Kiarabu
kwenye Kontroli, Shifti na sifuri,
vidole vitatu ambavyo havikutani bila nia,
nikambandikia karatasi ukingoni mwa skrini.

Saa mbili asubuhi akapiga simu, foleni imefika mlangoni:
"Umeifanya nini mashine?"
"Soma karatasi."
"Ipi?" Kimya. Kisha vitufe, kimoja kimoja,
kama mtu anayehesabu noti za mwenziwe.

Mimi kidole changu bado hakijapewa habari.
Kila jioni kinateleza pale pale,
kinabana, hakuna kinachopinduka.
*Mama* inabaki mama.
Naitazama kidogo, ndipo naendelea.